Piga Hodi, Ungojee Jibu



Kila mtu hapa Kilembwe anajua desturi ya hodi. Ukifika kwa jirani unasimama nje, unaita. Ukisikia "Karibu", unaingia. Usiposikia kitu, unaita tena, na mara ya tatu unarudi kwako. Hakuna anayesema, "Wamenyamaza, basi wamekubali," akaingia na kuketi.

Sasa tuulizane: ikiwa mlango wa miti una heshima namna hii, je, mwili na moyo wa mtu, ulio kazi ya mikono ya Mungu, ukose heshima?

Hapo ndipo tunapokosa. Baba anapokea mbuzi na ng'ombe za mali, na binti yuko jikoni, hajaulizwa neno. Akilia, wanasema ni haya. Akinyamaza, wanasema amekubali. Lakini mtoto aliyefundishwa asiwajibu wakubwa atasema nini siku hiyo? Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haina uzito.

Na sisi watu wa maono tujichunguze zaidi. Ndugu anasema ameonyeshwa kwamba dada fulani ni mke wake. Dada anaogopa kumkataa, asionekane kumkataa Mungu. Soma Mwanzo 24. Mtumishi wa Abrahamu aliomba, akapata ishara, na zawadi zilikwisha kutolewa. Hata hivyo Rebeka aliitwa, akaulizwa kama atakwenda. Ishara haikuondoa swali. Hata malaika aliyetumwa kwa Maria aliondoka baada ya kupata jibu lake (Luka 1:38).

Wazee wengine watasema: "Wake zetu hatukuwauliza, na nyumba zimesimama." Ni kweli zimesimama. Lakini uvumilivu wa mama hauonyeshi kwamba mlango ulifunguliwa kwa hiari. Na baba anayeuliza hapotezi heshima yake. Anapata binti anayemwamini.

Sheria ya nchi nayo inasema hivyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya kufunga ndoa na yule aliyemchagua. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa 2016 inakataza ndoa kabla ya miaka 18.

Tunakumbuka tarehe 1 Januari 2011, askari walipowabaka akina mama pale Fizi. Mwezi wa pili mahakama ya kijeshi iliketi Baraka, ikawahukumu. Tulisema haki imetendeka. Lakini yule askari alivunja mlango kwa bunduki. Tuangalie sisi tusiuvunje kwa mali, kwa ukali wa baba, ao kwa jina la Roho. Hata mume kwa mke wake, apige hodi.

Juma hili, kabla ya kuamua neno juu ya mtu, mwite, umwulize, kisha ungojee. Akisema hapana, rudi kwa amani.

Bwana awabariki.