Dawa ya Upara na Mizani ya Kijana

Tumepata barua ya kijana mmoja tuliyemfundisha kusoma na kuandika zamani, ambaye sasa yuko masomoni katika nchi ya Uingereza. Baada ya shikamoo nyingi kwetu na kwa wazee wote wa kijiji, atuambia jambo ambalo hakuweza kumwandikia baba yake kwa kuona haya. Nywele za mbele zaanza kumtoka, naye ana miaka 23 tu. Wenziwe wamtania. Katika simu yake huja kila siku matangazo ya vidonge vya kuzuia upara, na muuzaji mmoja asiyemwona uso alimpelekea vidonge vya miezi mitatu, baada ya maswali machache ambayo, asema, aliyajibu kabla chai haijachemka. Karatasi iliyomo sandukuni ameisoma, nayo imemtia hofu. Atuuliza, "Mwalimu, nimeze au nisimeze?"

Sisi si madaktari, wala hatuna amri juu yake. Lakini swali lake si la uganga peke yake. Je, mtu mwenye afya ana haki gani ya kuuweka mwili wake rehani kwa ajili ya sura? Wasomaji wetu wengi wana watoto wao mijini na ng'ambo, ambako dawa hizi huuzwa kama sabuni. Basi twaona yafaa tulipime neno hili pamoja.

Kwanza tuseme na wale wanaocheka. Ni rahisi mzee mwenye mke na wajukuu kumwambia kijana kwamba nywele si kitu. Mkuu wa Rumi, Julius Caesar, aliyezitiisha nchi kubwa, aliona haya kwa sababu ya upara wake, na watu wa kale waandika ya kuwa katika heshima zote alizopewa hakuna aliyoifurahia kama ruhusa ya kuvaa taji la majani siku zote, maana lilimfunika kichwa. Na Torati yenyewe, katika mlango wa 13 wa Walawi, imeona haja ya kutamka kwamba mtu aliyetokwa na nywele si najisi. Jambo ambalo hakuna anayelitilia shaka halitamkwi. Basi huzuni ya kijana huyu ni ya kale, na tusiipunje uzito wake tunapoiweka katika mizani.

Sasa na tuitazame dawa. Jina lake ni finasteridi. Asili yake ni habari ya ajabu. Mwaka wa 1974 daktari wa Marekani, Julianne Imperato-McGinley, na wenzake waliandika habari za watu wa kijiji cha Salinas katika Jamhuri ya Dominika. Huko baadhi ya watoto walizaliwa wakaonekana kuwa wasichana, wakalelewa hivyo, kisha walipobalehe miili yao ikageuka ya kiume. Tangu tumboni mwa mama walikosa kitu kimoja mwilini, kile kinachoigeuza homoni ya kiume iitwayo testosteroni kuwa homoni nyingine yenye nguvu zaidi. Ikaonekana pia ya kuwa watu hao wakikua tezi dume yao hubaki ndogo, na vichwa vyao havipati upara. Kampuni ya Merck ikatengeneza dawa ya kukizuia kitu hicho hicho. Mwaka wa 1992 serikali ya Marekani iliikubali kwa wanaume ambao tezi yao imekua ikawazuia mkojo, miligramu 5 kwa siku. Na mwaka wa 1997 ikaikubali kwa nywele, miligramu 1.

Tumeirefusha habari hii kwa makusudi. Asiyeijua hudhani dawa ya nywele hukaa nyweleni. Kumbe homoni inayozidhoofisha nywele za utosi ndiyo iliyomjenga mtoto wa kiume kabla hajazaliwa, na ndiyo sababu mwanamke mwenye mimba huonywa asikishike kidonge kilichovunjika. (Iko dawa nyingine, minoksidili, iliyoanza kuwa dawa ya shinikizo la damu, na tangu mwaka 1988 Wamarekani huipaka kichwani, hiyo ina mambo yake, nasi hatuisemi leo.)

Faida yake si uongo. Katika majaribio ya miaka miwili, wanaume 83 katika kila 100 waliomeza dawa hawakupungukiwa na nywele zilizohesabiwa, ambapo katika wale waliopewa kidonge kitupu walikuwa 28 tu. Lakini mtu akiacha kumeza, yale aliyoyapata humtoka katika muda wa mwaka mmoja hivi. Nywele hizo basi ni za kupanga, hazinunuliwi. Na kodi yake hulipwa kila siku, kwa fedha na kwa mwili.

Na madhara? Katika majaribio hayo, karibu vijana 4 katika kila 100 walilalamika kwamba hamu au nguvu zao za ndoa zimepungua. Na katika wale wa kidonge kitupu, 2. Mfanya biashara husema: tofauti ni watu wawili tu katika mia, na wengi hupona wakiacha. Hesabu yake ni kweli. Lakini kijana wetu si watu mia. Yeye ni mmoja, na hesabu haiwezi kumwambia kama yumo katika wale tisini na zaidi au katika wale wachache. Tena akiwa katika hao wachache, hatakuwa na madhara ya sehemu mbili katika mia, bali atakuwa nayo yote. Tangu mwaka 2012 karatasi ya dawa hii huko Marekani yataja kwamba wako waliobaki na shida hizo hata baada ya kuacha dawa. Mwaka wa 2024 Uingereza iliagiza kadi ya onyo iwekwe kwa ajili ya wenye kuimeza. Na mwaka wa 2025 wakaguzi wa dawa wa Ulaya walithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni mojawapo ya madhara yake, ingawa mara ngapi hutokea hawakuweza kusema. Hawakuipiga marufuku. Walisema faida bado yazidi hatari.

Kwa nani? Hapo ndipo tuliposimama kwa muda mrefu. Mzee ambaye mkojo umemzuia usiku kucha akiimeza dawa hii, upande mmoja wa mizani yake kuna maumivu ya kweli. Kijana hana ugonjwa wowote. Dawa ni ile ile, lakini kinachopimwa si kile kile.

Tulijiuliza pia kama twafanya vema kumwandikia hayo yote. Maana madaktari wa Italia waliandika mwaka 2007 habari za wagonjwa 120 wa tezi dume waliopewa dawa hii; nusu waliambiwa habari za madhara ya ndoa, na nusu hawakuambiwa. Baada ya mwaka, katika walioambiwa 44 kwa kila 100 walilalamika, na katika wasioambiwa 15. Hofu yenyewe ilizaa ugonjwa! Mtu aweza kusema, basi ifiche ile karatasi. Sisi twakataa. Anayefichwa hapimi tena, yeye mwenyewe amekuwa kitu kinachopimwa na wengine. Na wale 15 ambao hawakuambiwa neno, wangejuaje kwamba yawapasa kuiacha dawa? Wangemlaumu mke, au uchovu, au kulogwa.

Lakini jambo lililotushinda kuliko yote ni hili. Mguu ukivimba, macho huuona. Moyo ukiingia giza, ni moyo huo huo unaoulizwa kama umeingia giza. Dawa ikimtia kijana huzuni nzito, hakimu wa kuamua kuiacha ni yeye aliyekwisha kupotewa na hukumu. Mizani imewekwa ndani ya kitu kinachopimwa. Kwa hiyo hatukumwambia ya kuwa ni dhambi kutaka nywele, maana hatuamini hivyo. Tulimwambia kwamba hatari yake kubwa ni upweke: yuko chumbani peke yake, amemficha baba yake, na dawa ameipata kwa mtu asiyejua hata kama amewahi kuwa na huzuni nzito hapo nyuma. Wala tusijisahau sisi wenyewe. Kama angekuwa hachekwi huku nyumbani kila aletapo picha yake, labda asingeificha.

Tukamwomba asimeze hata kidonge kimoja mpaka watu wawili wajue: daktari atakayemwona uso kwa uso na kumwuliza habari zake za zamani, na rafiki mmoja aliyepewa ruhusa kabla ya yote ya kumwambia, "Ndugu, tangu uanze dawa hii umebadilika, acha." Akiisha kuwa nao, na achague mwenyewe. Akiamua kunyoa kichwa chote, wembe ni bei ndogo.

Majibu yake yamefika juma lililopita. Amekwenda kwa daktari, naye amemwambia afikiri kwanza muda wa mwezi mmoja. Vidonge bado vimo sandukuni. Rafiki amempata, Mganda mmoja wanayekaa nyumba moja. Baba yake hajamwandikia. Atuuliza kama sisi tungeweza kumwambia.