Siku Hiyo Ulikuwa Unafanya Nini?

Wazee wa Sericho hawaamini tarehe. Sisemi hawazijui. Wengi wao wameketi mbele ya makarani miaka nenda miaka rudi, na wanajua karani hapokei jibu lisilo na nambari. Lakini likizuka shauri la mifugo chini ya mti, na shahidi akaanza kwa kusema ilikuwa tarehe fulani, mwezi fulani, utaona fimbo zinachora mchanga na mtu anakohoa. Kisha mzee mmoja atauliza kwa upole: "Sawa, mwanangu. Siku hiyo wewe ulikuwa unafanya nini?"

Kesi huanzia hapo.

Sericho iko mashariki mwa Kaunti ya Isiolo, karibu na kinamasi cha Lorian, mahali ambapo Ewaso Ng'iro huishiwa nguvu na kupotelea mchangani baada ya safari ndefu kutoka Mlima Kenya na Aberdare. Wenyeji wengi ni Waborana wa Waso, yaani wa mto huo, watu wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia. Wakati wa kiangazi ng'ombe hawanyweshwi kila siku. Huenda malishoni wakarudi majini siku ya pili au ya tatu, na ngamia huweza kukaa wiki na zaidi. Kisima cha kuchimbwa kwa mkono kina zamu yake, na zamu ina msimamizi, aba herega, ambaye neno lake halipitwi. Wanaume husimama ngazi kwa ngazi ndani ya shimo, wakipokezana maji kuelekea juu kwa ndoo ya ngozi, siku hizi kwa mtungi wa plastiki uliokatwa mdomo, mpaka yamwagwe kwenye hori la udongo. Juu, mtu mmoja anazuia kundi kwa fimbo ili wasivamie wote kwa pamoja.

Sasa fikiria mtu anayesema, "Siku hiyo nilikuwa nanywesha." Ameshataja mengi bila kujua. Kuna aliyemtangulia kwenye zamu na aliyemfuata. Kuna waliokuwa chini shimoni, wakimpokeza maji. Kuna siku iliyotangulia ambayo ng'ombe wake hawakunywa, na malisho aliyotoka. Watu watano wanaweza kusimama na kusema, hapana, siku hiyo wewe hukuwepo, zamu ilikuwa ya fulani. Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Pale kisimani njia hiyo huwa fupi zaidi, kwa sababu tarehe mtu yeyote anaweza kuikariri, lakini kazi ya siku ile ilifanywa na wengi na kila mmoja ameshika kipande chake. Ndiyo maana ng'ombe wa maziwa aliyeazimwa kwa jamaa, ambaye Waborana humwita dabare, anaweza kurudi yeye na uzao wake kwa mwenyewe baada ya miaka mingi, bila karatasi, kwa kukumbukwa tu nani alikuwa wapi akifanya nini siku alipokabidhiwa.

Serikali nayo ina kumbukumbu zake, na ni za kutazama kwa makini. Nimeona jambo la ajabu katika historia ya sehemu hii: matukio makubwa yameangukia tarehe 28. Tarehe 28 Juni 1963, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa karibu na Modogashe pamoja na Chifu Haji Galma Dida, wakati Kaskazini ilipokuwa imegawanyika juu ya kubaki Kenya au kujiunga na Somalia. Tarehe 28 Desemba mwaka huohuo, serikali changa ya Kenya ilitangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki. Tarehe 28 Oktoba 1967, Kenya na Somalia zilipatana Arusha, chini ya upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Na tarehe 28 Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya. Mwandishi wa magazeti angefurahia mpangilio huo. Mimi mwenyewe niliufurahia. Ila katika masimulizi ya Waso hakuna ishirini na nane. Kuna siku Wabera alipouawa, kuna wakati wa kambi, kuna mwaka wa nzige, na kila kimoja kinabebwa na kazi iliyokuwa mikononi mwa msimulizi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ndio unaoonyesha vizuri zaidi tofauti hii. Wakenya waliokuwa wakubwa wakati huo wanaulizwa hadi leo walikuwa wapi saa sita usiku. Pale Uhuru Gardens, Nairobi, taa zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, na taa zilipowashwa tena bendera ya Kenya ilikuwa mlingotini, mbele ya Jomo Kenyatta na Mwanamfalme Philip. Kisoi Munyao alikuwa amepanda Mlima Kenya na bendera nyingine, aisimamishe kileleni. Mlima huohuo ndio unaolisha mto wa Sericho. Bendera ilikuwa kwenye chimbuko la maji, na kwenye mwisho wa maji walikuwepo watu ambao wengi wao, kama sehemu kubwa ya Kaskazini, hawakuwa wamekubaliana kwamba sherehe ile ni yao. Siku kumi na sita baadaye ikaja hali ya hatari.

Kwa hiyo ukimwuliza mzee wa Waso alikuwa akifanya nini saa ile ya uhuru, usishangae akikujibu kuhusu jambo lingine. Atakupeleka moja kwa moja kwenye kile ambacho wenyewe wanakiita Gaf Daba, wakati kila kitu kiliposimama. Kuanzia 1966 wafugaji walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vya ulinzi, ndizo kambi zenyewe, Garba Tulla na Merti miongoni mwake, ili mashifta, wapiganaji waliotaka Kaskazini ijiunge na Somalia, wasipate maziwa wala hifadhi. Mifugo iliruhusiwa kulishwa karibu tu. Aliyekutwa mbali alihesabiwa shifta, na ngamia, kwa kuwa alikuwa mnyama wa safari za mashifta, alihesabiwa adui kama mtu. Inakadiriwa Wilaya ya Isiolo ilikuwa na ngamia 200,000 mwaka 1963. Kufikia 1970 walikuwa wamebaki kama 6,000. Ng'ombe walikufa kwa kubanwa mahali pamoja, nyasi zikaisha, magonjwa yakaingia. Watu walioishi kwa kuhama waliambiwa wakae, na kukaa ndiko kulikowamaliza.

Hapo swali la wazee linakuwa zito. Katika wakati wa kusimama, ulikuwa unafanya nini? Kuna aliyekuwa akigawa maziwa machache kwa watoto wa jirani, na kuna aliyekuwa akipeleka majina kwa askari. Waborana wana utaratibu wa busa gonofa, ambapo ukoo hukusanya mifugo kumwinua aliyefilisika bila uzembe wake. Baada ya Gaf Daba, karibu kila mtu alikuwa amefilisika, na bado ilibidi ijulikane nani apewe mbuzi wa kuanzia na nani ataombwa atoe. Mambo hayo hayakuamuliwa kwa tarehe.

Msomi ana haki ya kuinua mkono hapa. Mwaka 1977 wanasaikolojia Roger Brown na James Kulik waliandika kwamba habari ya kushtua, kama kuuawa kwa Rais John F. Kennedy tarehe 22 Novemba 1963, huchapa akilini picha ya mtu alikuwa wapi na akifanya nini. Ilionekana kama ushindi kwa wazee wote wa duniani. Kisha chombo cha anga cha Challenger kililipuka mwaka 1986 (tarehe 28 Januari, mtanisamehe), na Ulric Neisser na Nicole Harsch wakawapa wanafunzi wa chuo kikuu huko Atlanta karatasi asubuhi iliyofuata, waandike walivyoipata habari. Miaka miwili na nusu baadaye waliwauliza tena wanafunzi 44. Kumi na mmoja kati yao hawakupata hata jambo moja sawasawa, na wengi waliapa kwamba wanakumbuka vizuri. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, baadhi waliendelea kushikilia hadithi mpya.

Hiyo ni habari mbaya kwa anayetegemea kichwa chake peke yake. Lakini tazama jinsi utafiti ulivyofanyika: kila mwanafunzi alikumbuka kivyake, mbele ya karatasi, bila mtu wa kumwambia, "Ndugu yangu, siku hiyo tulikuwa wote, na wewe hukuwa umekaa pale." Wazee wa Sericho hawajasoma utafiti huo, na mila yao imekwishatega mtego palepale. Kumbukumbu ya mmoja ni dai tu. Inakuwa ushahidi ikishapita mikononi mwa waliokuwepo. Penye wazee haliharibiki neno, wasemavyo watu, na nadhani sababu yake ni kwamba wazee wako wengi na hawaoneani aibu kukatizana, zaidi ya hekima yoyote ya mvi.

Nisiwapambe kupita kiasi, hata hivyo. Baraza lile chini ya mti ni la wanaume. Katika maisha ya kuhamahama ya Waborana, mwanamke ndiye mjenzi wa nyumba na ndiye mwenye nyumba. Ndiye aliyeifungua miti na mikeka yake na kuifunga juu ya ngamia siku ya kuhama. Ngamia walipokwisha, mume alipoteza mali. Mke alipoteza mali na njia ya kuihamisha nyumba yake. Siku ile alikuwa akifanya nini? Alikuwa akikunja mikeka isiyokuwa na mnyama wa kuibeba? Alikuwa akipika nini, maziwa yalipokauka? Swali hilo halikuulizwa sana barazani, na mila inayojivunia mashahidi wengi ikawaacha nje nusu ya mashahidi wake. Huo ni upungufu, na wazee wenyewe wakibanwa hukubali.

Serikali nayo imekutana na swali la "ulikuwa unafanya nini" kwa njia ya kuchekesha. Kwa sensa, makarani wa Kenya hupewa kalenda ya matukio ili wamsaidie mtu asiyejua mwaka aliozaliwa: ulikuwa umeanza kuchunga wakati wa kambi? Yaani Nairobi ikikwama, huja kuazima njia ya Waso. Sensa yenyewe ni swali la usiku mmoja, nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019, na Isiolo ikahesabiwa watu 268,002. Lakini ukienda kutafuta kitambulisho, kalenda ile hufichwa kabatini. Kaskazini nzima imejaa watu ambao karatasi zao zinasema walizaliwa tarehe 1 Januari, ndugu na binamu, kana kwamba akina mama walipanga. Watu walioweza kueleza walizaliwa kwenye malisho gani, mvua fupi ya hagaya ikiwa imefika wapi, na nani alimpokea mtoto, waliandikiwa siku ambayo haikuwa ya mtu yeyote.

Na vijana je? Nzige walipofika Isiolo mapema 2020, watu Kaskazini walitoka na madebe, masufuria, filimbi, wakipiga kelele kuwafukuza kwenye malisho. Picha zilisambaa kwenye simu kabla nzige hawajatua. Sina ugomvi na simu. Bila hizo picha Nairobi isingeamini. Ila siku shauri la mwaka wa nzige litakapoletwa chini ya mti, na aliyeshika simu aulizwe alikuwa akifanya nini, jibu lake litakuwa "Nilikuwa nachukua video." Ni jibu la kweli. Sijui kama litamtosha yeye mwenyewe, ikiwa jirani aliyekuwa akipiga debe kando yake atakuwepo.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, na ndani yake mateso ya Kaskazini yameandikwa kwa urefu. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 za fidia. Karatasi hizo zina tarehe zote zinazohitajika. Kilichobaki nje yake ni zamu za visima, mikeka isiyohamishwa, maziwa yaliyogawanywa kwa siri na majina yaliyopelekwa kwa askari, na hayo yako vichwani mwa watu wanaopungua kila mwaka. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi Garba Tulla mwaka 1966 sasa anaikaribia sabini au ameivuka. Wewe uliye na bibi au babu Sericho, Merti au Modogashe, nenda ukaketi naye kabla ya kiangazi kijacho. Mwite na jirani yake aliyekuwa naye wakati huo, maana mmoja peke yake hatoshi. Anza na bibi. Usimwulize ilikuwa lini. Mwulize alikuwa ameshika nini mkononi, kisha nyamaza aseme.