FORAJI YA MSIKITI NA MLIMA WA TAKA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha maji kutoka mbinguni akayatuliza ndani ya ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.



Mnajua kwamba msikiti wetu umeahidiwa foraji. Mfadhili yuko tayari, na ndugu yetu mmoja, Allah amlipe kheri, ametoa parseli yake iwe wakfu. Parseli hiyo iko chini ya mlima wa taka za kiwanda cha zamani cha shaba, karibu na mtaro ule ambao maji yake huwa ya kijani. Mimi nimesema tungoje. Wengine wamekasirika, wanasema imamu anazuia sadaka ya maji, na watoto wanaamka saa kumi ya usiku kupanga madumu. Najibu kwa maandishi, maana maneno ya mdomo yakifika sokoni yamekwisha kugeuka.

Wenye kusoma chuoni wameniletea hoja, nami nafurahi kwamba hawajaisahau Safina. Wanasema: maji yakifika kulla mbili hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, tamu au harufu. Tena maji yakibadilishwa na kitu cha mahali pake, kama chumvi au kibiriti cha ardhini, yanabaki tohara. Maji ya foraji ni mengi, hayanuki, na shaba ni kitu cha ardhi ya Katanga tangu Allah alipoiumba. Basi imamu anazuia nini?

Kwa udhu hoja hiyo ni sahihi. Mtu akitawadha kwa maji hayo swala yake inasimama, sitamwambia airudie. Lakini tohara ni mlango mmoja na usalama ni mlango mwingine. Majani yenye sumu ni tohara, unaweza kuswali nayo mfukoni, ila kuyala ni haramu. Mtume wetu alikataza madhara, yale ya kujiletea mwenyewe na yale ya kumletea mwenzako. Na zile alama tatu, rangi, tamu na harufu, ni za kutambua najisi. Risasi, plomb tunayosema sisi, ikiwa kidogo ndani ya maji haionekani, haionjeki, hainusiki. Shirika la Afya Duniani linakubali shaba mpaka miligramu 2 katika lita moja ya maji ya kunywa. Risasi ni miligramu 0.01 tu, mara 200 chini yake. Ulimi wa nani utaipima hiyo? Na mwenye kuumia kwanza ni mtoto: risasi inaingia katika damu, inaharibu ubongo unaokua, naye hatalia wala hatakuwa na homa. Utamwona tu hashiki masomo, utampiga bure.

Tena si kweli kwamba ni madini ya mahali pake tu. Shaba iliyolala ndani ya jiwe si sawa na jiwe lililosagwa, likachomwa, majivu yake yakamwagwa juani na mvuani miaka mia. Hapa Lubumbashi shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911, wakati wa Union Minière, kisha Gécamines ikarithi. Moshi wa bomba lile kubwa ulibeba kibiriti pamoja na vumbi la shaba, zinki, risasi na kadimi, na upepo ukausukuma upande wa Penga Penga. Miti ikafa, nyasi zikafa, mvua ikabeba udongo wa juu, ikabaki ardhi iliyo uchi. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Walikuta kobalti nyingi kwa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda, na watoto waliwazidi wakubwa. Hao hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda. Walikuwa watu wa nyumbani, kama mimi na wewe.

Sasa wengine wanasema: basi na tusafishe, tukwangue udongo wa parseli, tulete mwingine. Hapo nataka mnisikilize vizuri, hasa ninyi mnaoendesha malori njia ya Kasumbalesa. Mnaijua Kabwe, mji wa Zambia mnaoupita mkienda Lusaka. Huko walichimba risasi na zinki tangu mwanzo wa karne iliyopita, wakafunga mgodi mwaka 1994, taka zikabaki wazi karibu na nyumba. Toka mwaka 2003 mpaka 2011 kulikuwa na mradi wa fedha za Benki ya Dunia: mfereji ulisafishwa, watoto walipimwa damu na kutibiwa, na kazi ya udongo ikafanyika katika baadhi ya maeneo. Miaka ikapita, watoto wa Kabwe wakakutwa bado wana risasi nyingi katika damu. Kwa nini? Kwa sababu milima ya taka ilikuwa pale pale. Upepo wa kiangazi ukavuma, vumbi likarudi katika ua uliosafishwa.

Hili sisi Waislamu halipaswi kutushangaza. Tulifundishwa tukiwa watoto kwamba najisi yenye mwili, unaondoa mwili wake kwanza, ndipo unamwaga maji. Panya akifia kisimani, ukateka ndoo mia naye bado anaelea, umefanya kazi gani? Umechoka tu.

Mwili wa najisi hapa ni ule mlima. Ama uondolewe, uzikwe katika shimo lililotandikwa udongo wa mfinyanzi na plastiki nzito ili mvua isipite, ama ufunikwe pale ulipo na maji ya mvua yageuzwe njia. Hiyo si kazi ya jembe la kamati ya msikiti. Baada ya hapo ndipo udongo unaozunguka unatazamwa. Kule Penga Penga wataalamu wa Chuo Kikuu walijaribu njia moja ambayo mimi naipenda kwa unyenyekevu wake: walitia chokaa na mbolea ya takataka za mimea, wakapanda nyasi za kwetu, zile zinazoota zenyewe juu ya vilima vya shaba. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Chokaa inapunguza ukali wa udongo, shaba inajishika, haitembei ovyo na maji. Nyasi zinashika udongo usiruke. Lakini msidanganyike na anayesema majani yatanyonya sumu yote iishe. Shaba inabaki pale pale, imefungwa kamba tu, na mtu akilima mboga juu yake ameifungua.

Maji ya chini ndiyo magumu zaidi. Yanavutwa kwa pampu, yanachanganywa na chokaa, madini yanatulia chini kama tope, maji yanatoka juu. Tope nalo ni taka, lina haja ya shimo lake. Na kazi hiyo haishi kwa mwezi mmoja, ni miaka, pengine makumi ya miaka, kwa sababu kila mvua inashusha mengine kutoka juu.

Nani alipe? Fikihi yetu iko wazi: mwenye kuharibu mali ya mwenzake ana dhamana. Sheria ya nchi nayo, Kodi ya Madini ya mwaka 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye mgodi aweke fedha za dhamana kwa ajili ya kurudisha ardhi. Katiba ya mwaka 2006 inampa kila mtu haki ya mazingira yenye afya. Mwezi wa Novemba 2025 maji ya kiwanda kimoja yalipofurika mitaani hapa Lubumbashi, Serikali ilisimamisha kazi ya kiwanda hicho, basi uwezo upo ukitakiwa. Taabu ni taka za zamani, ambazo aliyezimwaga amekwisha kufa au amebadili jina. Kwa hizo tunaandika barua kwa Leta, pamoja na majirani zetu Wakristo, maana kisima hakiulizi dini. Barua iko mezani kwa katibu, inangoja sahihi zenu.

Wakati tunangoja, mama zetu, mjue haya. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakutoi risasi wala shaba. Maji yakipungua sufuriani, sumu inakolea. Dawa ya klorini pia haiitoi. Mwagieni maji kidogo kabla ya kufagia, vumbi lisipande. Viatu vibaki mlangoni, mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula, lengalenga ioshwe maji mara mbili tatu. Nguo za anayefanya kazi ya madini zifuliwe peke yake, na gunia lililobeba mawe lisibebe unga. Mwenye mimba akitamani pemba, asichimbe udongo wa ukutani wala wa mtaroni.

Kuhusu foraji, kamati na mimi tumekubaliana hivi. Chupa za maji zitatekwa katika visima viwili vya majirani wa parseli ile, zipelekwe maabara, zipimwe risasi, kadimi, kobalti na shaba. Mfadhili ameandikiwa, amekubali kungoja. Jibu likiwa zuri tutachimba. Likiwa baya foraji itakwenda upande wa juu, mbali na mtaro, na mwenye wakfu ataulizwa parseli itumike kwa nini. Madrasa ya watoto haitajengwa hapo, hilo nimelisema mbele yake naye hakukasirika. Mchango wa kupima maji unapokelewa na mweka hazina leo baada ya swala ya Alasiri. Madumu mawili safi yenye kifuniko yanatakiwa pia.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.