Haki ya Kumcheka Aliyeachwa

Mtu aliyeachwa na mpenzi huchekesha, tupende tusipende. Mwaka 1867 watu wa London walijaa kwenye kumbi za burudani kumsikiliza mwimbaji George Leybourne akiimba masaibu ya kijana aliyenyang'anywa mchumba na mwanasarakasi wa bembea. Karne iliyofuata, bendi ya Tabora Jazz waliwainua watu vitini kwa mtindo wao wa Segere Matata. Katika muziki wetu wa dansi ndivyo ilivyo: mwimbaji analia na mapenzi, gitaa halimruhusu mtu kukaa, na maumivu ya mmoja yanachezwa na ukumbi mzima.

Je, ni haki kucheka mwenzetu anapoumia? Nadhani njia ya zamani ya misafara, kutoka pwani hadi Tabora, imetuachia jibu.

Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoifuata njia hiyo mwaka 1857, walitumia siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, penye Tabora ya leo. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliizoea safari hiyo, na pembe za ndovu mabegani. Nyuma walikuwa wameacha wake na wachumba, na kurudi kulikuwa majaliwa. Ugenini walihitaji maji, chakula, na mtu wa kumzika aliyefia njiani. Wazee wengi husema hapo ndipo ulipokomaa utani kati ya Wanyamwezi na watu wa nchi walizopita, Wazaramo wakiwamo.

Mtani ana ruhusa ya kukusema hadi uumie: ubahili wako, sura yako, hata huyo mwanamke aliyekukimbia. Wewe huna ruhusa ya kununa. Lakini siku ya msiba wako hakosi. Anashuka kaburini, anajilaza chali, anaapa hatoki mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka. Akishapewa, anapanda, anashika koleo, anafukia pamoja na wengine. Aliyekucheka ulipoachwa ndiye anayekusitiri ukifa.

Haki ya kucheka, basi, hulipiwa kwa kuhudhuria. Leo mtu analia kwa kuachwa, anarekodiwa, na kabla ya jioni maelfu wasiomjua wamekwisha kumcheka kwenye simu zao. Hakuna hata mmoja kati yao atakayebisha hodi kwake kesho kuuliza kama amekula. Hicho si kicheko cha watani, ni cha wapita njia, na wapagazi wa zamani walijua vizuri tofauti ya mpita njia na mtu wa kukupokea mzigo.

Sitaki tuache kucheka. Mapenzi yasiyoweza kuchekwa humuua mtu kwa aibu, na wimbo wa aliyeachwa umewaokoa wengi kwa kuwaonyesha kwamba hawakuwa wa kwanza. Tucheke, ila tuwacheke wale ambao tuko tayari kwenda kukaa nao. Kwa wengine wote, adabu ni kunyamaza.