Je, Uso wa Gari Waweza Kusema Uwongo?

Ndugu msomaji, tumeulizwa suala ambalo kwa dhahiri yake ni la mafundi wa gereji, lakini kwa batini yake ni la tabia na amana. Nalo ni hili: mtu ana gari la mbio la daraja ya chini. Aliondoa uso wake, yaani bampa, taa na madigadi ya mbele, kisha autia uso wa gari la daraja ya juu la kampuni ile ile. Injini ni ile ile ya zamani, na breki ni zile zile. Je, mtu huyu amesema uwongo, au amejipambia mali yake tu?

Wako wasemao kuwa jambo hili ni mchezo wa wenye fedha, halistahili wino. Nasi twasema: la. Mlango huu ndio ule ule wa anayeweka matunda mazuri juu ya tenga na mabovu chini yake, na wa anayejiita mwanachuoni kwa ukubwa wa kilemba. Mwenye kuufahamu katika gari ataufahamu kwengineko.

Na kwa kuwa hukumu juu ya kitu ni tawi la kukijua kitu hicho, natutazame mfano wa hakika. Kampuni ya Porsche ya Stuttgart, Ujerumani, ilitoa mwaka 1996 gari dogo la wazi liitwalo Boxster, na mwaka 1997 ikatoa 911 mpya ambayo mafundi waijua kwa nambari 996. Kwa ajili ya kupunguza gharama, magari haya mawili yalipewa nyuso zilizokaribiana sana, hata taa zikawa za umbo moja. Boxster ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 2.5 yenye nguvu za farasi 204. Kisha mwaka 2000 ikaja 911 Turbo, injini yake lita 3.6 na nguvu za farasi 420. Hii ikapewa taa zake mbali, na bampa lenye matundu mapana. Haukupita muda ila watu wenye Boxster, na wenye 911 za mwanzo, wakaanza kutafuta uso wa Turbo ili wauvike magari yao.

Sasa zingatia matundu yale. Hayakutobolewa kwa ajili ya kutisha watu. Injini ya Turbo hutoa joto jingi, nalo joto hilo lataka hewa ya kulipoza. Boxster ile ya kwanza ina rejeta mbili za mbele, moja katika kila pembe. Turbo ina tatu, na ile ya katikati ndiyo iliyotaka tundu la katikati. Basi mwenye kuitia Boxster hiyo bampa la Turbo bila ya kuongeza rejeta amefungua mlango wa chumba kisichokuwapo. Hapa Kenya twaona mfano wa jambo hili kila siku katika magari ya Subaru. Tundu lililoinuka juu ya boneti ya Impreza WRX lina kazi ya kupeleka upepo katika chombo kinachopoza hewa inayosukumizwa ndani ya injini. Lakini utaona tundu hilo limebandikwa juu ya gari lisilokuwa na chombo hicho kabisa. Upepo waingia, wala hapana kinachoungojea.

Hapa ndipo ulipo msingi wa suala. Uso wa gari una maana kwa sababu maana yake ilitokana na kazi. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo, dereva wa Kenya, alishika nafasi ya pili katika Safari Rally kwa Porsche 911 iliyoinuliwa juu ya ardhi na kukingwa kwa mabamba chini yake. Aliyeliona gari lile hakuhitaji kuambiwa. Umbo lake lilimweleza habari ya mawe na matope. Watu wakizoea kwamba alama fulani yaonyesha kitu fulani, alama hiyo huwa kama neno. Na kila chenye kuwa kama neno chaweza kusema kweli, na chaweza kusema uwongo.

Atasema mwenye kupinga: "Mbona mtu huvaa kanzu nzuri siku ya Idi, naye ni maskini? Je, naye ni mwongo?" Twajibu: hasha. Kanzu ya Idi ni pambo, nalo pambo ni la kila mtu. Halidai cheo wala halitoi ushahidi wa mali. Lakini lau mtu huyo angevaa joho la kadhi naye si kadhi, akaketi barazani akanyamaza kimya, hapana ambaye asingesema kuwa amedanganya, ijapokuwa hakutamka hata herufi moja. Basi tofauti ni baina ya pambo na alama. Rangi nyekundu ni pambo. Uso wa Turbo ni alama.

Na tusidhani kuwa suala hili ni geni kwa wanavyuoni wetu kwa kuwa gari ni geni. Wao walizungumza juu ya mtu anayeacha kumkama mnyama siku kadhaa kabla ya kumuuza, ili kiwele kijae na mnunuzi adhani kuwa ana maziwa mengi. Walimpa mnunuzi huyo haki ya kumrudisha. Imam Nawawi, katika kitabu chake Minhaj, aliambatisha na hilo mtu anayeyazuia maji ya kinu kisha akayaachilia wakati wa kuuza, ili kinu kionekane kinazunguka kwa nguvu. Lakini akataja na sura nyingine: mtu anayeipaka wino nguo ya mtumwa ili mnunuzi adhani kuwa mtumwa yule ajua kuandika. Hapo, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shafi, mnunuzi hana haki ya kurudisha. Kwa nini? Kwa kuwa doa la wino si hoja yenye nguvu, na angeweza kumjaribu au kuuliza, naye amefanya uzembe.

Basi natuulize: uso wa Turbo ni kiwele kilichojazwa, au ni doa la wino? Ukweli ni kuwa wafanana zaidi na wino. Mnunuzi aweza kufungua na kuitazama injini, aweza kusoma kitabu cha gari, aweza kumleta fundi. Atakayelipa bei ya Turbo kwa kutazama taa peke yake amejidhulumu mwenyewe kabla ya kudhulumiwa na mwenzake. Lakini tahadhari, ewe ndugu, usije ukafahamu kinyume. Mnunuzi kukosa haki ya kurudisha hakumpi muuzaji haki ya kudanganya. Hukumu ya barazani yatazama ni nani wa kubeba hasara. Haimwoshi aliyepaka wino. Aliyepaka alikusudia mtu adhani lisilokuwapo, na kusudio hilo ndilo uwongo wenyewe, ijapokuwa mwongo hakushitakiwa.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa neno moja kuwa jambo hili ni ovu au ni jema. Latazamiwa kusudio na uwazi. Kampuni yenyewe, katika miaka ya 1980, iliwauzia wateja 911 Carrera yenye mwili mpana wa Turbo. Gari hilo lilipewa pia breki na springi za Turbo, ila injini haikupewa. Na kwa upana wake likaukata upepo kwa taabu, hata mwendo wake wa mwisho ukawa chini ya ule wa Carrera ya kawaida. Je, kampuni ilidanganya? La, kwani mteja aliandikiwa alichonunua, akakilipia akijua. Kadhalika mtu anayelibadili gari lake kwa kupenda umbo, na akiulizwa asema, "Hii ni Boxster, uso tu ndio wa Turbo," huyo hana lawama ya uwongo. Huenda akalaumiwa kwa israfu, na hilo ni suala jengine.

Ama anayeondoa jina la gari nyuma na kubandika jina la gari jengine, kisha akiulizwa atabasamu na kunyamaza, huyo ametoka katika pambo na kuingia katika ushahidi wa uwongo. Na hasara ya kwanza itamfikia yeye mwenyewe kabla ya mnunuzi. Kila akisifiwa, sifa hupita kando yake ikaenda kwa gari ambalo hanalo. Hulazimika kuogopa kila mwenye kujua, na kumpenda kila asiyejua. Mtu aliyefikia hali ya kufurahia ujinga wa wenziwe amepoteza kitu kikubwa kuliko thamani ya bampa.

Tena iko hatari isiyokuwa ya heshima tu. Fedha za kununua uso wa mbele ni fedha ambazo zingenunua matairi mapya na breki njema. Kijana akilipa gari uso wa farasi 420 na kuliacha na breki zilizochakaa, naye akaingiwa na kiburi cha ule uso akaliendesha kama ulivyo uso, basi uwongo ule hautakaa katika macho tu. Watakaoulipia ni wapita njia wasiojua Boxster wala Turbo.

Shauri letu ni mambo matatu. Kwanza, atakaye kubadili uso na aanze na breki na matairi. Pili, jina la gari lisiguswe, na akiulizwa aseme kweli kabla ya kuulizwa mara ya pili. Tatu, siku ya kuuza aiandike katika hati ya mauzo kila kilichobadilishwa, ili asiyejua awe sawa na ajuaye. Akitimiza haya, uso wa gari lake utabakia kuwa pambo. Akiyaacha, ajue kuwa gari lake lasema uwongo kwa niaba yake kila linapopita njiani, hata akiwa yeye amefunga kinywa chake.

Wa billahi ttawfiq.