Wimbo Umefika, Pesa Imebaki Kampala

Wengi hawajui kwamba Google, kabla ya kumlipa mtu kwa matangazo yanayopita kwenye video zake, humtumia kwanza barua ya karatasi. Barua ya posta kabisa, yenye namba ya siri ndani, ili ijulikane kama kweli anakaa pale alipoandika kwamba anakaa. Hutumwa mapato yake yakifika dola 10, na pesa yenyewe hailipwi mpaka itimie dola 100. Sasa niambie, ndugu msomaji, barua ikiandikwa "Kasenyi, Ituri" itapita mikononi mwa nani? Huku kando ya Ziwa Albert nyumba hazina namba na njia nyingi hazina majina. Mtu huulizwa kwa jina la baba yake, au kwa mwembe, au kwa kanisa lililo karibu naye. Ukitaka kumpelekea mzigo unamkabidhi mwenye pikipiki anayeteremka kutoka mji wa Bunia, naye atauliza njiani mpaka aufikishe. Mtu wa aina hiyo kampuni ya Marekani haimjui.

Barua yenyewe ni mlango wa pili, na wengi wetu tumekwama kwenye wa kwanza. Ili YouTube igawane matangazo na mtu, inamtaka awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hayo kijana mwenye bidii anaweza kuyapigania. Lakini inamtaka pia akae katika nchi iliyomo kwenye orodha yake. Uganda imo, Kenya imo, Tanzania imo. Kongo yetu, tangu nianze kufuatilia mambo haya, haimo. Ukipanda mtumbwi wa injini pale Kasenyi, ukavuka ziwa na kushukia Ntoroko, wimbo uleule kwa sauti ileile umekwisha kupata haki ya kulipwa. Maji hayakuubadilisha.

Mtoto wa shangazi yangu anaimba. Mchana anapakia samaki wa chumvi kwenye magari, jioni anarekodi kwenye chumba cha rafiki yake kilichobandikwa magodoro ukutani. Alipoona orodha ile, akafanya wanavyofanya wengi: ndugu yetu mmoja aliyeko Kampala akafungua akaunti kwa jina lake mwenyewe, kwa anuani yake na benki yake. Tangu siku hiyo mtoto wa shangazi yangu ni mwimbaji wa Kampala. Ndivyo ilivyoandikwa chini ya jina lake. Pesa ikija, inaingia kwa ndugu, ndugu anakata sehemu yake, kinachobaki kinarudi kwa simu. Sitamlaumu ndugu. Ana kodi ya nyumba, na bila yeye hata hicho kidogo kisingekuwapo.

Kilichonishtua ni jambo jingine. Wimbo wake mmoja ulikuwa na kiitikio kinachotaja Kasenyi, Tchomia na mteremko ule wa milima unaoyafanya masikio yazibe ukiteremka. Nilipousikia tena, majina yalikuwa yametolewa. Mahali pake palikuwa na maneno mawili matatu ya Kiganda. Nikamuuliza kulikoni. "Yaya," akaniambia, "ndugu alisema watu wa kule hawajui Kasenyi ni kitu gani. Wimbo inatembea sana sasa, lakini mimi niko hapa tu." Alicheka alipokuwa akisema, nami nikacheka naye kwa adabu.

Watu wakizungumzia ugumu wa kuuza sanaa mtandaoni, hutaja mega za intaneti zilizo ghali, umeme wa kubahatisha na wezi wa nyimbo. Yote ni kweli. Tena nchi hii inaweza kuamka siku moja intaneti ikawa imezimwa kabisa, kama ilivyozimwa tarehe 31 Desemba 2018 baada ya uchaguzi, tukakaa karibu wiki tatu. Lakini hayo ni magumu yanayomkuta mtu kutoka nje. Hili la kufuta jina la kijiji chako kwa mkono wako mwenyewe linaingia ndani ya kazi, na kazi ikitoka hapo imekwisha kuwa ya mtu mwingine kidogo.

Wizi nao nimeuona kwa macho, na haufanani na wizi ninaousoma kwenye magazeti. Pale Bunia, kando ya bulvari, kuna vijana wanaochaji simu na kutia nyimbo kwenye kadi. Meza moja, kompyuta iliyopoteza herufi kadhaa, betri ya gari, nyaya za kuchajia zimeshikana hivi kwamba ni mwenyewe tu anayejua ipi ni ya nani, na baflu moja inayopiga tangu asubuhi. Nilikuwa nimesimama pale nikingoja simu yangu, akaja mama mmoja muuza samaki, akachomoa kadi kwenye simu yake ndogo, akasema, "Nitilie zile za ziwani." Kijana akaburuta nyimbo zaidi ya thelathini mara moja, ya mtoto wa shangazi yangu ikiwa katikati. Mama akatoa franka 500, akaondoka anaimba. Nikamwambia kijana wa meza kwamba mwenye wimbo ule ni ndugu yangu na hajapata kitu. Hakuona aibu hata kidogo. "Papa, kama si mimi, huyu mama angemjulia wapi?"

Sikuwa na jibu zuri. Sheria ninayo: tangu tarehe 5 Aprili 1986 nchi yetu ina sheria inayolinda haki za watunzi, na tangu 2011 kuna shirika la SOCODA la kukusanya haki hizo. Lakini makao yake ni Kinshasa, na kutoka hapa mpaka Kinshasa ni ndege. Nauli ya kwenda kudai itakula madai ya miaka mingi.

Ila yule kijana wa meza alinifikirisha kwa namna ambayo hakukusudia. Kabla ya simu, sanaa yetu ililipwaje? Ililipwa machoni. Kwenye arusi mtu anainuka na noti, anaipandisha kichwani mwa mpiga gitaa, wote wanaona. Hayo ni matabishi. Pwani ya Waswahili, mama aliyeguswa na taarabu hutoka kwenye kiti chake akicheza taratibu mpaka jukwaani kumtunza mwimbaji, na kila mtu anajua ni ubeti gani uliomtoa kwenye kiti. Kinshasa wamelifanya jambo hili kuwa biashara kamili: tajiri analipa ili jina lake litajwe ndani ya wimbo, nao wanaita libanga. Wapo wanaolicheka, wakisema rumba imekuwa orodha ya majina ya wafanyabiashara na wanasiasa. Mimi mwenyewe huchoka yakizidi. Lakini hata libanga, pamoja na kujipendekeza kwake kote, lina jambo moja safi: mtoaji anajulikana, na mpokeaji anajua amepewa kwa sababu gani.

TikTok wamejaribu kuiga matabishi. Watazamaji wanarusha maua na simba kwenye skrini, na kila kimoja ni pesa, ingawa sehemu kubwa inabaki kwa kampuni. Mwaka 2022 BBC walichunguza familia za wakimbizi kwenye kambi za Syria, watoto wakikaa saa nyingi mbele ya simu wakiomba zawadi, wakakuta kwamba kampuni ilibakiwa na hadi asilimia 70 ya pesa hizo. Niliposoma habari ile sikuwaza Syria. Niliwaza kambi zetu za Ituri, na simu ngapi zilizomo ndani yake.

Maana kuna binti mmoja wa kwaya, hapa mjini, anayeandika mashairi na kuyasoma mwenyewe mbele ya simu. Anayo ya kuchekesha kuhusu mtihani wa serikali. Analo moja zuri mno kuhusu mawimbi ya jioni, wakati mitumbwi inatoka na taa zake. Hayo waliyatazama marafiki na shangazi zake. Kisha akasoma shairi la bibi yake, aliyeachwa nyuma siku kijiji kilipokimbia kwa sababu miguu haikuweza. Hilo likavuka mipaka. Watu wa Ulaya na Amerika, wengi wao ndugu zetu walioko huko, wakalisambaza wakilia. Wakataka jingine kama hilo. Halafu mmoja akaandika faraghani kwamba atatuma dola 50 ikiwa binti atakwenda na simu kambini aliko mama yake, amrekodi akieleza siku ile, na mama asijizuie kulia.

Binti alikuja kuniuliza, akinisalimu "papa" kwa heshima, kama kwamba kuandika makala kunamfanya mtu awe mzee wa baraza. Dola 50 kwake si mchezo. Sikumjibu siku ile. Nilikuwa nawaza Bogoro, kijiji unachokipita ukiteremka kwenda Kasenyi, kilichoshambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mwaka 2017 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague waliamuru kila mmoja wa wahanga 297 apewe dola 250, nao wenyewe wakasema ni kiasi cha ishara tu, hakilipi walichopoteza. Majaji, baada ya miaka ya ushahidi, waliona aibu kutaja bei. Bwana huyu wa dola 50 hakuona.

Simaanishi kwamba msiba usiimbwe. Tumezaliwa katika nyimbo za msiba. Lakini kwenye matanga, anayeimba huzuni yako amekaa nawe kwenye mkeka uleule, na asubuhi jirani anakuja na unga, mwingine na kuni, mwingine na kijana wa kuteka maji. Huko mtandaoni, asubuhi wanakuja kuuliza kama una huzuni nyingine. Tena mtunzi ni mwepesi wa kujifunza kinachonunuliwa. Akilipwa mara tatu kwa machozi, shairi la mawimbi halitaandikwa tena, wala hakuna atakayekuwa amemkataza.

Nilimwambia hivyo siku ya pili, na nikamwambia pia kwamba uamuzi ni wake na wa mama yake, maana mimi sina dola 50 za kumpa badala yake. Alikwenda kambini bila kuwasha simu, akamuuliza mama. Mama alitaka kujua kwanza mtu huyo ni mtoto wa nani. Swali hilo binti alilituma kama lilivyo. Halijajibiwa.

Mtoto wa nani: ndilo swali ambalo mashine hizi hazina mahali pa kuliandika, na hazikuanza leo. Sauti ya Ituri iliyokwenda mbali kuliko zote si ya mwanamuziki wa bulvari. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili vya Voyager angani, kila kimoja kikibeba sahani ya dhahabu yenye muziki wa dunia: Bach yumo, Beethoven yumo, Louis Armstrong yumo. Umo pia wimbo wa wasichana wa Kimbuti wa msitu wetu, wimbo wa sherehe yao ya kuvunja ungo, usiofika dakika moja. Voyager 1 ilitoka nje ya eneo la upepo wa jua mwaka 2012, na wasichana wale bado wanaimba ndani yake. Orodha ya sahani ile inataja nchi, Zaire kama tulivyoitwa wakati ule, na inamtaja Colin Turnbull aliyewarekodi. Waimbaji haiwataji. Hakuna aliyeuza wimbo ule huko angani, kwa hiyo silii pesa. Ila wasichana wale walikuwa na mama zao, na majina waliyopewa, na mtu angeweza kuuliza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wanaosema vijana waachane na mtandao warudi kwenye arusi. Hapana. Simu inafikisha kazi mahali ambapo mpiga gitaa wa arusi hafiki, na ndugu zetu walioko Nairobi na Brussels wanayo hamu ya kweli ya kusikia nyumbani. Nasema tu kwamba kijana akilazimika kuchagua kati ya jina na pesa mwanzoni, aanze kwa kulishika jina, hata kama mwezi huo hautaleta kitu. Ni ushauri mgumu kutoka kwa mtu mwenye mshahara, najua.

Mtoto wa shangazi yangu, kwa bahati, hakungoja ushauri. Kina mama wauza samaki wa Kasenyi, walio na chama chao cha kuwekeana pesa, walimwita awatungie wimbo wa arusi ya binti wa mwenzao. Walipatana bei, wakamtumia nusu kwa M-Pesa kabla hajagusa gitaa, na wakampa karatasi yenye majina yote ya wanachama, kwa mpangilio wasiotaka ubadilishwe. Akarekodi. Kiitikio kinaitaja Kasenyi mara nne. Siku ya kumalizia malipo akawauliza kama anaruhusiwa kuuweka mtandaoni, akawaeleza na habari za akaunti ya Kampala. Mwenyekiti wao alihesabu noti zilizobaki, akampa, akasema, "Weka tu, mwanangu. Lakini yule ndugu yako wa ng'ambo akikata hata jina moja, hizi tutazirudisha mfukoni kwetu."