Hatari ya Mnunuzi ni ya Nani?

Wako watu wasemao kwamba mwenye kununua shamba kwa fedha yake mwenyewe huzinunua na hatari zake, wala hana mtu wa kumjibu. Neno hili lina sura ya haki. Basi na tulipime.

Katika jimbo la Victoria, nchini Australia, Jumamosi tarehe 7 Februari 2009, mioto ya msituni iliua watu 173 na kuteketeza nyumba zaidi ya 2,000. Huko sheria ya kuuza ardhi ya mwaka 1962, pamoja na marekebisho yake, humlazimu mwuzaji ampe mnunuzi hati yenye sahihi kabla mnunuzi hajafunga mapatano. Humo hueleza kama shamba limewekwa rehani, kama mtu mwingine ana haki ya kupita ndani yake, kama hakuna barabara ya kulifikia, na kama limo katika eneo lililotangazwa kuwa la hatari ya moto.

Je, mnunuzi akiisha kuisoma hati hiyo, ametimiza wajibu wake? La, hasha. Hati humwambia kwamba eneo ni la hatari. Haimwonyeshi atapita wapi na watoto wake ikiwa njia ni moja tu, nayo imezibwa na moto. Moto upandao mlima huzidi mbio, hata hukaribia maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Na makaa yachukuliwayo na upepo hayajui mpaka wa shamba. Mambo hayo hujulikana kwa kulitembelea shamba kwa miguu na kwa kuwauliza majirani.

Hapa ndipo linapoanguka lile neno la kwamba hatari ni ya mnunuzi peke yake. Watoto wake hawakutia sahihi. Wazimamoto wa vijijini huko, ambao wengi wao hujitolea bila mshahara, hawakutia sahihi. Walakini siku ya moto ndio waendao kumtafuta aliyejenga mahali pasipo pa kutokea. Hatari aliyoinunua mmoja kwa fedha, wengine huweza kuilipa kwa uhai wao.

Kwa hiyo kuchunguza si woga, wala si kumdhania mwuzaji uongo. Ni deni la haki. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Mwenye haraka ya kununua na ajiulize kwanza: siku mbaya ikifika, ni nani atakayelipa pamoja nami?